Stima ikipotea Kitale, kompyuta hizi huamka zikiwa salama

NI saa kumi alasiri, msimu wa mvua, na yeyote aliyewahi kuishi Kitale anajua kinachofuata. Mawingu yanashuka kutoka upande wa Mlima Elgon, upepo unapeperusha vumbi na makaratasi pale steji ya matatu, radi inapiga mara moja na stima inapotea. Kinyozi anabaki na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Jirani yake anayechomelea vyuma anavua miwani na kukaa chini kungoja. Na ndani ya saiba ndogo ninakofanya kazi, skrini tano zinazima kwa pamoja na lazima mtu mmoja apige kelele: “Woi! Sikuwa nimesevu!”

Kelele hiyo nilikuwa nimeizoea. Kilichoninyima usingizi ni kile kilichotokea stima ikirudi. Kompyuta nne zingewaka kama kawaida. Ya tano ingemwaga mistari ya maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, iseme kuna faili hazisomeki, kisha ikwame hapo hapo. Leo nambari mbili, wiki ijayo nambari tano. Na ajali hizi hazikuchagua siku. Zingeweza kutokea siku ya mwisho ya kuomba mkopo wa HELB au kubadilisha kozi kwenye KUCCPS, wakati foleni imefika hadi kwa muuza miwa nje.

Mwenye saiba ni mama wa makamo ambaye sote tunamwita Mama, wafanyakazi na wateja pia. Mashine zake ni za mtumba. Tulikuwa tumeondoa Windows na kuweka Ubuntu kwa sababu flashi za wateja zilituletea virusi kila kukicha. Virusi vikapungua kweli, lakini stima haiulizi umeweka mfumo gani.

Nikiri jambo moja ambalo sisi mafundi hatupendi kulisema. Kila mashine iliyokufa ilikuwa Sh500 mfukoni mwangu. Nachomeka flashi, naweka mfumo upya, naunganisha printa, saa mbili zimeisha, napokea changu. Mwezi wa mvua nyingi ulikuwa mwezi mzuri. Sikuwa na haraka ya kujua ugonjwa wenyewe ni upi.

Kisha ikaja wiki moja ya Aprili ambapo stima ilipotea mara nne ndani ya siku tatu. Mashine tatu kati ya tano zikakataa kuwaka. Mama hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Kijana, kodi ya hii nyumba nalipa. Intaneti nalipa. Sasa na wewe nakulipa karibu kila wiki. Niambie ukweli, hizi mashine ni mbovu ama ni wewe huzijui?”

Swali hilo lilinichoma. Jibu la haraka lingekuwa kununua UPS, lile sanduku la betri linalokupa dakika chache za kuzima kompyuta kwa heshima. Tulikuwa nalo moja. Betri yake ilikufa zamani na kazi yake sasa ni kuzuia mlango usifungwe na upepo. Tano mpya Mama hakuwa na pesa za kuzinunua, na hata angekuwa nazo, betri huchoka na unarudi pale pale. Wala huwezi kukisia stima itapotezwa na nini. Juni 7, 2016, tumbili mmoja alianguka kwenye transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru na nchi ikabaki gizani. Agosti 25, 2023, stima ilipotea usiku hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Kama wenye uwanja wa ndege wanaweza kukatikiwa, saiba ya Kitale ni nani?

Basi nikaanza kuuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza mapema: stima ikikatika, ni nini hasa kinachoharibika ndani?

Fikiria duka la kijijini lenye daftari la madeni. Mwenye duka anahamisha deni kutoka ukurasa wa kumi hadi wa ishirini. Ameshafuta kule, hajaandika huku, taa inazimika. Asubuhi deni halipo popote, na pengine jina la mtu limebaki nusu. Diski ya kompyuta ni daftari la aina hiyo. Linux ina ujanja wake: kabla ya kugusa daftari kubwa, inaandika pembeni kwanza kile inachokusudia kufanya, ili ikikatizwa ijue pa kuanzia. Ujanja huo unasaidia sana, lakini kwa kawaida unalinda zaidi mpangilio wa daftari kuliko maneno yaliyomo, na diski ya mtumba iliyochoka haiheshimu ujanja wa mtu.

Jambo lililonishangaza ni kwamba kompyuta huandika hata ikiwa haijaguswa na mtu. Inaandika kumbukumbu za kilichotokea, faili za muda, foleni ya printa, vipande vya kurasa za intaneti, hata saa ambayo faili ilisomwa mara ya mwisho. Mfumo wa faili tuliotumia, ext4, kwa kawaida husukuma mabadiliko yake kwenye diski kila baada ya sekunde tano hivi. Kwa hivyo stima ikatike saa ngapi, kuna uwezekano mkubwa itaikuta kalamu iko karatasini.

Hapo wazo likaja lenyewe. Kama madhara yanatokea mashine ikiwa inaandika, mbona isikatazwe kuandika?

Kwenye Linux kila kitu kinaning’inia kutoka mahali pamoja panapoitwa mzizi, na alama yake ni mkwaju huu: /. Programu ziko /usr, mipangilio iko /etc, vitu vinavyobadilika-badilika viko /var, na kazi za watu ziko /home. Ukitazama kwa makini, vile ambavyo mashine ya saiba inahitaji ili iwake asubuhi havibadiliki kabisa kutoka siku hadi siku. Kwenye faili iitwayo /etc/fstab kuna mstari unaosema mzizi ufunguliwe vipi. Ukiweka herufi mbili, ro, mfumo unafungua mzizi kwa kusoma tu. Yeyote atakayejaribu kuandika, awe ni mteja, programu au kirusi, anaambiwa hapana.

Nilijaribu hivyo nambari tano na nikajuta. Printa ilikataa, kivinjari kikakataa, hata ukurasa wa kuingia ulikwama. Programu nyingi zimelelewa kwa kuandika-andika ovyo, ukizinyang’anya kalamu zinalia. Dawa niliyoipata ni tabaka la juu. Unakumbuka somo la jiografia, mwalimu akitandika karatasi ya nailoni juu ya ramani, anachora mito na reli kwa kalamu ya wino, akimaliza anaikunja nailoni na ramani inabaki safi? Ndivyo inavyofanya kazi. Ramani ni diski iliyofungwa. Nailoni iko kwenye memori ya RAM, na programu zinaandika humo zikidhani zinaandika kwenye diski. Ukizima mashine, nailoni inatupwa. Uwezo huu umo ndani ya Linux tangu toleo la 3.18 la Desemba 2014, na kwenye Ubuntu unaweka kifurushi kiitwacho overlayroot, unabadilisha mstari mmoja kwenye mipangilio yake, unawasha upya. Basi.

Ili nimwonyeshe Mama, nilichomoa waya wa stima wa nambari tano ikiwa inafanya kazi. Akashika kifua. Nikachomoa tena. Mara kumi. Na mara kumi ikawaka bila kulalamika.

Wala usidhani niligundua kitu kipya. Simu ya Android uliyoshika sasa imefungwa hivyo hivyo: sehemu yenye mfumo wenyewe inasomwa tu, ndiyo maana betri ikikufia ghafla kwenye matatu, simu inawaka tena ukifika nyumbani. Chromebook ziko hivyo. Apple walifuata kwenye macOS Catalina mwaka 2019. Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix mwaka 2000, Linux nzima inayowaka kutoka kwenye CD, na CD huwezi kuiandika hata ukitaka. Kwa watu wa Windows kuna Deep Freeze ya kampuni ya Faronics, kipenzi cha wasimamizi wa maabara za shule kwa miaka mingi. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma, nikichuma Sh500.

Nikafunga mashine nne. Nambari moja, ambayo Mama mwenyewe hutumia kuandika hesabu na madeni, alikataa katakata isiguswe.

Faida ambayo sikuitarajia ilikuja kwanza. Wateja wengi wa saiba huondoka bila kutoka kwenye akaunti zao. Unaketi ufanye yako, unakuta eCitizen ya mtu iko wazi, Gmail ya mwingine, Facebook ya wa tatu. Kwenye folda ya vilivyopakuliwa kuna picha za vitambulisho vya watu na PIN za KRA. Sasa ukiwasha upya mashine, vyote vimeenda na nailoni. Tukaweka utaratibu: mteja akiondoka, mashine inawashwa upya. Kwa vijana wanaotuma stakabadhi zao zote kupitia kompyuta za watu wasiowajua, hili pekee linatosha kuuliza saiba yenu inafanyaje.

Halafu likatokea lile ambalo sitalisahau.

Wiki ya pili, msichana wa chuo alikuja kuchapa ripoti yake ya atachimenti. Alikaa kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Alikuwa makini kuliko wengi, alisevu kila baada ya ukurasa, na faili yake ilionekana pale kwenye skrini, jina lake na kila kitu. Akatoka kidogo kwenda kununua maji. Mwenzangu wa kaunta akaona kiti kitupu, akadhani amemaliza, akawasha upya mashine kama tulivyokubaliana.

Aliporudi hakukuwa na faili. Si kwenye skrini, si kwenye pipa la taka, si popote. Nilitafuta kwa programu zote ninazozijua huku nikijua vizuri kwamba hakuna cha kutafuta, kwa sababu kazi yake haikuwahi kufika kwenye diski. Zamani stima ilikuwa inachukua kile ambacho hukusevu. Mimi nilitengeneza mashine inayochukua hata ulichosevu, na inakuambia imesevu. Hakulia. Aliuliza tu, “Lakini si iliniambia imeingia?” Sikuwa na jibu la kumpa mtu ambaye alifanya kila kitu sawasawa.

Alikuwa na rasimu ya mkono. Tulifunga mlango, tukagawana kurasa, tukachapa wote hadi karibu saa nne usiku, Mama akitupikia chai kwenye meko ya gesi nyuma ya kaunta. Hatukumtoza chochote, na nauli ya boda ya kurudi kwao niliitoa mimi.

Kesho yake niligawa diski za mashine zote nne. Sehemu kubwa, yenye mzizi, imefungwa. Sehemu ndogo iko wazi kwa kuandikwa, na kuna folda moja tu inayoelekea huko, iitwayo KAZI. Programu ya kuandikia ikifunguka inasevu humo yenyewe bila kumuuliza mtu. Stima ikikatika sehemu hiyo ndogo inaweza kuumia, sikatai, lakini mashine itawaka na nitaikarabati kwa dakika mbili badala ya kuanza upya. Jioni tukifunga tunaisafisha. Na juu ya kila skrini nimebandika karatasi: KAZI YAKO IKO KWENYE FOLDA YA KAZI, PENGINE KOTE HUFUTIKA.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonipeleka Bungoma. Mwalimu mmoja aliyekuja kuchapisha mitihani aliisoma, akataka kujua maana yake, na nilipomweleza akasema kwao shuleni wana ugonjwa huo huo. Jumamosi iliyofuata nikapanda matatu inayopita Kiminini na Kamukuywa, ikakata Kimilili na Chwele, hadi Kanduyi. Shule yenyewe iko ndani ndani kutoka barabara ya Chwele.

Walikuwa na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kitambulisho, ikifanya kazi ya seva: masomo yamewekwa humo, wanafunzi wanayasoma kwa Wi-Fi bila intaneti. Stima yake inatoka kwa sola, na betri ya sola imechoka, kwa hivyo siku yenye mawingu seva inazimika katikati ya kipindi. Kila muhula kadi ya memori ilikuwa inakufa na masomo yote nayo.

Kadi hizi zina balaa lake. Kadi haiwezi kufuta herufi moja peke yake. Inafuta kipande kizima kikubwa kisha inaandika upya, na ndani kwa ndani inahamisha vitu bila kukuambia. Stima ikikatika wakati huo, inaweza kuharibu hata faili ambayo hakuna aliyeigusa tangu iwekwe. Tena kila kipande kina idadi ya mara kinazoweza kufutwa kabla kichoke. Kuandika ovyo usiku na mchana kunaizeesha kadi bure.

Kwenye Raspberry Pi kazi ni rahisi mno. Programu ya mipangilio, raspi-config, ina chaguo la kuweka tabaka la juu na kuifunga kadi. Kwa kuwa Kitale kulishanifunza adabu, alama za wanafunzi niliziweka kwenye flashi tofauti iliyo wazi. Nikachomoa waya mara kadhaa mbele ya walimu, wakapiga makofi, wakanipa kuku na ugali. Nilirudi Kitale nikijiona daktari.

Wiki tatu baadaye Mwalimu akapiga simu. “Kijana wetu, seva iko sawa, haijafa hata siku moja. Lakini inasema wanafunzi wote wamefanya zoezi Jumamosi. Na Jumamosi hakuna shule.”

Ilinichukua siku nzima kuelewa. Raspberry Pi waliyonayo haina betri ya saa. Ikizimwa haijui muda umepita. Kwa kawaida inajisaidia kwa kuandika saa ya mwisho kwenye kadi, na ikiwaka inaanzia hapo hadi intaneti iirekebishe. Mimi nilikuwa nimeifunga kadi, na shule haina intaneti. Kwa hivyo kila asubuhi, kwa ile mashine, ilikuwa Jumamosi ile ile niliyokula kuku. Alama za wiki tatu zilikuwa zimerundikana tarehe moja, na Mwalimu alilazimika kuzipanga upya kwa kutumia madaftari ya watoto. Nilirudi na kifaa kidogo cha saa kiitwacho DS3231, chenye betri ya mviringo kama ya saa ya mkono, shilingi mia chache tu. Safari hii sikungoja kuku.

Kuna mengine niliyojifunza kwa kugongwa. Tabaka la juu likiwa kwenye RAM, mteja akipakua filamu nje ya folda ya KAZI kwenye mashine ya GB2, RAM inajaa na kila kitu kinaganda. Kumbukumbu za matatizo zinapotea pia, kwa hivyo mashine ikikusumbua jana, leo haikumbuki. Mwenye nenosiri kuu bado anaweza kuifungua na kuandika atakacho. Na radi ikiingia kwenye waya wenyewe, hakuna programu itakayokuokoa. Tulipoteza pawa saplai moja hivyo.

Kubwa zaidi ni masasisho ya usalama. Mashine iliyofungwa haijiponyi. Tundu likigunduliwa kwenye kivinjari, litabaki hapo, na kirusi ulichokifuta kwa kuwasha upya kitaingia tena kesho kwa mlango ule ule. Kwa hivyo Jumapili moja kila wiki mbili naenda saiba asubuhi kabla ya ibada, nafungua mashine zote nne, naweka masasisho, najaribu printa, nafunga. Ukisikia fundi anakuambia ukishafunga umemaliza, mwulize mara ya mwisho alifungua lini.

Kuhusu zile Sh500 zangu, ziliisha kweli. Mwezi wa kwanza niliihisi mfukoni. Nikamwendea Mama nikamwambia anilipe Sh1,000 kwa mwezi, mashine zife zisife. Akacheka, akasema Sh800, tukaishia hapo. Mwalimu wa Bungoma amenitafutia shule nyingine mbili upande wa Kimilili, na huko nimeenda na saa zangu mfukoni tangu siku ya kwanza.

Wiki jana mvua ilinyesha tena. Radi, giza, kelele. Stima iliporudi, mbili, tatu, nne na tano zikawaka. Nambari moja ya Mama ikamwaga maandishi meupe. Aliniangalia, nikamwangalia, nikaenda kutafuta flashi. Kwa kuwa hiyo haimo kwenye mapatano yetu, nilidai Sh500 zangu. Akanipa Sh300 na chai.